Chumba Kinachosikia: Namna ya Kuandaa Chumba cha Mikutano ya Video katika Kituo cha Afya

Utangulizi

“Ana mzio wa penisilini.” “Hana mzio wa penisilini.” Sentensi hizi mbili hutofautiana kwa herufi moja tu, h, na herufi hiyo si zaidi ya pumzi inayopita kooni kabla ya irabu. Mtu aliyeketi kando ya msemaji huisikia bila taabu. Mtaalamu aliye mamia ya kilomita mbali, anayesikiliza kupitia maikrofoni iliyowekwa katikati ya meza ndefu, ndani ya chumba chenye sakafu ya marumaru na kuta tupu, huenda asiisikie kabisa. Vivyo hivyo kwa “atapewa damu” na “hatapewa damu”, “wana dawa” na “hawana dawa”, “yupo” na “hayupo”. Kiswahili huweka ukanushi mwanzoni mwa neno, na mara nyingi huubebesha sauti iliyo dhaifu kuliko zote.

Tiba mtandao imekuwa sehemu ya kazi ya kila wiki katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki. Wataalamu wa fani nyingi bado wamejikusanya katika hospitali chache kubwa, kama vile Muhimbili, Bugando na KCMC nchini Tanzania, au Kenyatta na Moi nchini Kenya, ilhali wagonjwa walio wengi wako mbali nazo. Video hupunguza umbali huo. Hata hivyo, maandalizi mengi huishia kwenye ununuzi wa runinga kubwa na kamera, huku chumba chenyewe kikiachwa kama kilivyokuwa. Makala haya yanaeleza kwa nini chumba ni sehemu ya uchunguzi wa mgonjwa, sawa na stethoskopu au taa ya kuchunguzia, na namna kinavyoweza kuandaliwa kwa gharama ambayo hospitali ya wilaya inaweza kuimudu.

Ushahidi kwamba jambo hili linawezekana

Mwaka 2003, Dkt. Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico, mjini Albuquerque nchini Marekani, alianzisha mpango uitwao ECHO. Jimbo hilo lilikuwa na wagonjwa wengi wa homa ya ini aina ya C na wataalamu wachache mno. Badala ya kuwasafirisha wagonjwa, mpango uliwakutanisha kwa video madaktari na wauguzi wa vituo vya vijijini na magereza pamoja na wataalamu wa chuo kikuu. Kila wiki waliwasilisha wagonjwa wao na kujadiliana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, yakihusu wagonjwa 407, yalionyesha kwamba asilimia 58.2 ya waliotibiwa katika vituo hivyo walipona, ikilinganishwa na asilimia 57.5 ya waliotibiwa katika kliniki ya chuo kikuu. Yaani, mgonjwa aliyebaki kijijini kwake alipata matokeo sawa na aliyefika kwa bingwa. Mtindo huo umeenea katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki.

Msingi wa mafanikio ya namna hiyo ni mazungumzo yanayoeleweka. Maelezo ya mgonjwa yakifika nusu, ushauri nao hutolewa juu ya nusu ya mgonjwa.

Sauti: jambo la kwanza

Picha ikikatika kwa sekunde kumi, kikao huendelea. Sauti ikikatika kwa sekunde mbili, dozi inaweza kupotea. Kwa sababu hiyo, fedha ya kwanza katika chumba hiki inapaswa kutumika kwenye sauti.

Adui mkubwa wa sauti ndani ya chumba ni mvumo, yaani sauti inayoendelea kugonga kuta, dari na sakafu baada ya msemaji kunyamaza. Aliyelieleza jambo hili kwa hesabu ni Wallace Clement Sabine, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1895 aliombwa atafute tiba ya ukumbi mmoja wa mihadhara ambamo wanafunzi hawakuwa wakielewa maneno ya walimu. Usiku baada ya usiku alihamishia humo mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akapima muda ambao sauti ilichukua kufifia, kisha akaongeza mito mingine na kupima tena. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana kanuni inayotumika hadi leo: muda wa mvumo, kwa sekunde, ni 0.161 mara ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, ukigawanywa kwa jumla ya ufyonzaji wa nyuso zote za chumba.

Chumba cha kawaida cha mikutano katika hospitali huwa na urefu wa mita 6, upana wa mita 5 na kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 90. Kuta zake za plasta, sakafu ya marumaru na dari ngumu iliyopakwa rangi hufyonza takriban asilimia 3 tu ya sauti inayozigonga. Eneo la nyuso zote ni mita za mraba 126, hivyo jumla ya ufyonzaji ni karibu 3.8. Kwa kanuni ya Sabine, mvumo wa chumba hicho kikiwa kitupu ni takriban sekunde 3.8. Watu sita wakiingia na kuketi, miili na nguo zao huupunguza hadi sekunde 2 na ushei. Chumba cha mikutano ya video kinapaswa kuwa na mvumo usiozidi sekunde 0.6 hivi.

Maana ya tofauti hiyo ni hii: msemaji hutamka silabi kadhaa kwa kila sekunde. Katika chumba chenye mvumo wa sekunde 2, kila silabi hufunikwa na mabaki ya zile zilizotangulia. Irabu, ambazo zina nguvu, huvuka. Konsonanti nyepesi kama h, s, f na t huzama. Msikilizaji aliye chumbani husaidiwa na masikio yake mawili, ambayo hutambua upande inakotoka sauti na kupuuza mwangwi. Maikrofoni moja iliyo mezani haina uwezo huo. Hupokea vyote kwa pamoja na kuvituma vyote.

Tiba ni kuongeza ufyonzaji. Katika chumba cha mfano, dari yenye eneo la mita za mraba 30 ikibadilishwa kuwa ya bodi laini za nyuzi za madini, zinazofyonza takriban asilimia 70 ya sauti, jumla ya ufyonzaji hupanda hadi karibu 24, na mvumo hushuka hadi sekunde 0.6. Kazi moja ya fundi wa dari, basi, inaweza kukitengeneza chumba chote. Bodi ya jipsamu ya kawaida iliyopakwa rangi haitoshi, kwa kuwa nayo ni ngumu. Inayofaa ni ile yenye vitundu iliyowekewa nyuzi laini nyuma yake. Pale ambapo dari haiwezi kubadilishwa, mapazia mazito yenye mikunjo mingi, zulia, na mbao laini za matangazo zilizofunikwa kwa kitambaa hupunguza mvumo kwa kiasi kizuri, hasa zikiwekwa kwenye kuta mbili zinazopakana badala ya ukuta mmoja.

Mambo matatu yanahitaji tahadhari. Kwanza, trei za mayai, ambazo watu wengi huzibandika ukutani, hufyonza sauti ya mazungumzo kwa kiasi kidogo mno. Pili, sponji ya godoro haifai kubandikwa ukutani, kwa sababu hushika moto upesi na kutoa moshi wenye sumu. Tatu, ikiwa wagonjwa watachunguzwa ndani ya chumba hicho, vitambaa vyote viwe vya kufuliwa, na paneli ziwe za kufutika kwa dawa ya kuua vijidudu.

Mahali pa maikrofoni

Kila umbali kati ya mdomo na maikrofoni unapoongezwa maradufu, sauti ya moja kwa moja hupungua kwa desibeli 6, ilhali mvumo wa chumba hubaki karibu vilevile. Katika chumba kitupu cha mfano, umbali ambao sauti ya msemaji na mvumo hulingana nguvu ni karibu sentimita 28 tu. Baada ya dari kubadilishwa, umbali huo hufika karibu sentimita 70. Kwa hiyo anayewasilisha mgonjwa anapaswa kuwa karibu na maikrofoni, ikiwezekana ndani ya nusu mita, na maikrofoni ipelekwe kwa mgonjwa anapozungumza. Mgonjwa mwenye sauti dhaifu, mtoto, au mzee anayehema kwa shida hatakiwi kupaza sauti ili asikike.

Spika ziwe karibu na skrini, mbali na maikrofoni. Kompyuta mbili zisifunguliwe maikrofoni na spika katika chumba kimoja kwa wakati mmoja, kwani ndicho chanzo cha ule mlio mkali unaojizungusha na kuumiza masikio.

Kelele kutoka nje

Paa la mabati ni changamoto ya pekee. Mvua kubwa ikinyesha, hakuna maikrofoni itakayookoa mazungumzo. Chumba chenye ghorofa juu yake, au chenye dari nzito iliyotandikwa nyuzi laini kwa juu, hufaa zaidi kuliko kile kilicho moja kwa moja chini ya bati. Chumba kisipakane na jenereta, jiko, kliniki ya watoto wala korido ya wagonjwa wa nje. Feni ya dari inayolia izimwe wakati wa mazungumzo, au ibadilishwe kwa iliyo tulivu. Kipimo rahisi ni hiki: mtu aliyeketi chumbani milango ikiwa imefungwa anapaswa kusikia mlio wa saa ya ukutani.

Mwanga: rangi ya mgonjwa ni dalili

Katika mkutano wa kawaida, mwanga mbaya huharibu sura tu. Katika tiba mtandao huharibu taarifa. Umanjano wa macho, weupe wa utando wa ndani ya kope kwa mgonjwa mwenye upungufu wa damu, ubluu wa ulimi na midomo kwa aliyekosa oksijeni, na wekundu wa ngozi kuzunguka kidonda ni dalili za rangi. Taa yenye umanjano yaweza kumfanya mtu mzima wa afya aonekane mwenye manjano, au kuyaficha manjano yaliyopo.

Tatizo huwa kubwa zaidi kwa ngozi nyeusi. Kamera hujirekebisha yenyewe kufuatana na mwanga wa picha nzima. Mgonjwa mweusi akiketi mbele ya ukuta mweupe au dirisha lenye jua, kamera huhesabu kwamba mwanga ni mwingi na kuupunguza. Uso hubaki kivuli. Kosa hilo ni la mpangilio wa chumba, na hurekebishwa kwa hatua zifuatazo:

1. Mgonjwa na watumishi wasiketi wakiwa na dirisha nyuma yao. Dirisha liwe upande wa skrini au ubavuni, na liwe na pazia.

2. Taa mbili au zaidi ziwe mbele ya wanaoketi, kulia na kushoto, juu kidogo ya kimo cha macho. Taa moja iliyo katikati ya dari hutia kivuli machoni na chini ya pua.

3. Mwanga unaofika usoni uwe kati ya luksi 300 na 500. Programu za simu za kupimia mwanga hutoa makadirio yanayotosha.

4. Balbu zote ziwe za aina moja, zenye mwanga wa kelvini 4,000 hadi 5,000, na zenye kiwango cha uonyeshaji wa rangi cha 90 au zaidi. Taarifa hizi huandikwa kwenye boksi la balbu. Kiwango cha rangi huandikwa kwa herufi CRI au Ra.

5. Ukuta ulio nyuma ya wanaoketi upakwe rangi ya kijivu nyepesi au samawati iliyofifia, isiyong’aa. Kuta za kijani kibichi au manjano, ambazo ni za kawaida hospitalini, hurudisha rangi yao kwenye ngozi ya mgonjwa.

Kabla ya kila uchunguzi, muuguzi ashike karatasi nyeupe kando ya uso wa mgonjwa. Mtaalamu aliye mbali akiiona karatasi ikiwa na rangi ya manjano au samawati, atajua kwamba rangi ya ngozi anayoiona nayo imepotoka. Hata chumba kikiwa kizuri namna gani, kanuni moja haibadiliki: jicho la mtumishi aliye kando ya mgonjwa ndilo shahidi wa kwanza. Atamke anachokiona, na pale inapohitajika vipimo vya maabara vithibitishe.

Kamera, skrini na meza

Kamera iwe katika kimo cha macho ya mtu aliyeketi, yaani karibu mita 1.2 kutoka sakafuni, na iwe karibu iwezekanavyo na skrini. Kamera iliyobandikwa juu ukutani humfanya mtaalamu amtazame mgonjwa kutoka juu, na mgonjwa huona kwamba haangaliwi machoni. Habari nzito, kama ya saratani, haifai kutolewa na mtu ambaye macho yake yanaonekana kuelekea pembeni.

Ukubwa wa skrini hutegemea aliyeketi mbali zaidi. Ili kusoma maandishi na namba, umbali wake usizidi mara sita ya kimo cha picha. Ili kuangalia vitu vidogo kwa makini, usizidi mara nne. Runinga ya inchi 55 ina picha yenye kimo cha karibu sentimita 68, hivyo msomaji asikae zaidi ya mita 4, na mchunguzaji asikae zaidi ya mita 2.7. Kwa chumba cha mfano, runinga hiyo inatosha. Kubwa zaidi ni fedha ambayo ingetengeneza dari.

Meza ndefu ya mstatili huwaficha watu nyuma ya wenzao. Inayofaa ni ya nusu mwezi, au iliyo pana upande wa skrini na nyembamba upande wa nyuma au kinyume chake, mradi kila mtu aonekane bila kuinama. Meza mbili ndogo zilizounganishwa kwa pembe hufanya kazi hiyo. Mlango uwe na upana wa angalau sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite, na ibaki nafasi wazi ya mita 3 mbele ya kamera kwa ajili ya mgonjwa anayetakiwa kutembea ili mwendo wake uonekane. Kwa mgonjwa kiziwi, mkalimani wa lugha ya alama aketi mahali penye mwanga, mbele ya ukuta usio na mapambo, na mikono yake ionekane yote.

Picha za eksirei hazipaswi kuinuliwa dirishani mbele ya kamera ili zisomwe. Video hubanwa inaposafirishwa, na mistari myembamba ya mvunjiko au kivuli kidogo cha pafu hupotea. Faili halisi itumwe kwa mtaalamu kabla ya kikao kupitia mfumo rasmi wa hospitali. Skrini itumike kujadili, si kutoa majibu ya kwanza.

Mtandao na umeme

Sauti safi ya mazungumzo huhitaji chini ya kilobiti 100 kwa sekunde. Picha yenye ubora mzuri huhitaji takriban megabiti 1.5 hadi 4 kwa sekunde, kwenda na kurudi. Kasi ya kupakia ndiyo inayosahaulika, kwa kuwa matangazo ya kampuni za simu hutaja ya kupakua. Kompyuta ya chumba iunganishwe kwa waya badala ya mtandao wa hewani. Mtandao ukidhoofika, picha izimwe na sauti ibaki. Picha za mnato za kidonda au kadi zitumwe kando.

Ucheleweshaji nao una kikomo. Viwango vya kimataifa vya mawasiliano vinapendekeza kwamba sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa njia moja ili mazungumzo yawe ya kawaida. Setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta huchelewesha sauti kwa takriban milisekunde 240 kabla hata ya mitambo mingine kuongeza yake. Wanaotumia njia hiyo wajizoeze kumaliza sentensi, kunyamaza kidogo, kisha kumpa mwenzao zamu kwa kumtaja.

Umeme ukikatika, kikao kisikatike. Runinga, kompyuta, ruta na taa mbili za LED hutumia jumla ya wati 200 hivi. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Ikitumiwa nusu tu ili isiharibike mapema, na baada ya kutoa kinachopotea kwenye inveta, hubaki karibu wati-saa 500, yaani saa mbili na nusu za kazi. Muda huo unatosha kwa kikao cha kawaida.

Usiri

Chumba kinachosikika vizuri kwa mtaalamu hakitakiwi kusikika koridoni. Katika majengo mengi kuta za ndani huishia kwenye dari, na juu ya dari nafasi ni moja kwa vyumba vyote. Maneno hupanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Kuta ziendelezwe hadi kwenye paa. Mlango uwe mzito, na mwanya wa chini uzibwe kwa mpira. Skrini isielekee dirishani wala mlangoni. Nje ya mlango kuwe na alama inayoonyesha kwamba kikao kinaendelea.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 zinaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo kikao kisirekodiwe bila ridhaa ya mgonjwa, na picha zake zisipigwe kwa simu binafsi wala kusambazwa katika makundi ya mitandao ya kijamii, hata kwa nia njema ya kuomba ushauri.

Mgonjwa anachopaswa kukijua

Mgonjwa anayeitwa katika chumba cha video ana haki zilezile alizo nazo katika chumba cha daktari. Ana haki ya kujua kila anayemwona na kumsikia, wakiwemo wasioonekana kwenye skrini. Ya kukataa kurekodiwa. Ya kuwa na ndugu kando yake au kubaki peke yake. Na ya kuomba kuonwa ana kwa ana. Utangulizi mzuri hauchukui dakika moja: “Shikamoo bibi. Mimi ni daktari wa moyo, nipo Dar es Salaam. Hapa nilipo niko na muuguzi mmoja, huyu hapa mnamwona. Mlango umefungwa. Harekodi mtu. Je, bibi, unanisikia vizuri? Upo radhi tuendelee?” Mgonjwa asiposikia aseme. Kutikisa kichwa kwa adabu wakati maneno hayakufika ni hatari kwake mwenyewe.

Jaribio kabla ya kuanza

Chumba kisipokewe kutoka kwa fundi kwa kutazamwa tu. Mtumishi mmoja aketi mahali pa mgonjwa na kusoma orodha ya sentensi kwa sauti ya kawaida, bila mpangilio unaojulikana. Mwenzake, aliye katika kituo cha pili, aandike anachosikia. Orodha iwe na jozi kama hizi:

Ana mzio wa penisilini / Hana mzio wa penisilini.
Atapewa damu leo / Hatapewa damu leo.
Miligramu kumi na tatu / Miligramu kumi na tano.
Mililita mbili / Miligramu mbili.
Anaumwa figo / Anaumwa fizi.
Mkono wa kulia / Mguu wa kulia.

Kosa lolote katika sentensi za mzio, damu au dozi lamaanisha kwamba chumba bado hakijawa tayari. Jaribio lirudiwe feni ikiwa inazunguka, korido ikiwa na watu, na, inapowezekana, mvua ikinyesha.

Chumba kikishapita, lugha nayo ilindwe. Ukanushi usiachwe utegemee herufi moja. Badala ya “hana mzio” pekee, isemwe “hana mzio wowote, mzio haupo”. Badala ya “ana mzio”, isemwe “ndiyo, mzio upo, ni wa penisilini”. Namba zitajwe kwa tarakimu moja moja baada ya kutajwa nzima: “kumi na tano, yaani moja, tano”. Saa zitajwe pamoja na kipindi chake: “saa mbili asubuhi”. Kila agizo la dawa lirudiwe na aliyelipokea, naye aliyelitoa alithibitishe kabla ya kikao kuhamia kwa mgonjwa mwingine.

Hitimisho

Hospitali yenye fedha kidogo na ifuate mpangilio huu: kwanza kuchagua chumba tulivu na kugeuza viti ili dirisha lisiwe nyuma ya mgonjwa, jambo lisilogharimu chochote, pili mapazia au dari ya kufyonza sauti, tatu maikrofoni nzuri inayoweza kusogezwa, nne taa, tano kuziba mianya ya usiri, sita betri. Runinga kubwa na kamera ya bei ghali vije mwisho. Muuguzi wa kituo cha mbali hana budi kuwa na hakika kwamba h aliyoitamka imefika, na mgonjwa aliye kando yake anastahili hakika hiyohiyo kabla sindano haijaandaliwa.